Zaburi 19 inasema mbingu zinahubiri, mstari wa 3 unasema sauti yao haisikilikani. Sasa zinatuambia nini hasa kuhusu Mungu?

MwanaWaMkulima

Wakuu habari za usiku, Bwana Yesu asifiwe. Nina swali linanisumbua wiki ya pili sasa, naomba anayeyajua Maandiko vizuri anisaidie, majibu ya juujuu nimeshapewa mengi.

Iko hivi. Mi ni mwalimu wa vijana kanisani kwetu hapa Dodoma mjini, mwezi huu tunasoma Zaburi tukafika ya 19. "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Nikafundisha kama nilivyofundishwa mimi, kwamba ukitazama nyota tu unajua Mungu yupo na mtu hana kisingizio, vijana wakaitikia amina. Sasa kuna binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya sana, akanyoosha mkono akasema mwalimu mbona hapa chini pameandikwa "hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani", sasa mtu anahubirije bila sauti? Alafu akaongeza maneno ambayo ndo yameniondolea usingizi. Akasema yeye usiku akitazama juu anaona pazuri kweli, ila haoni kama kuna mtu kule anayemjua. Anajiona mdogo tu. Nikampa jibu la haraka nikafunga kipindi kwa maombi, lakini narudi nyumbani njia nzima najua kabisa huyu mtoto sijamjibu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba swali lake ni langu pia. Nimekulia kijijini huko Chamwino, baba yangu alikuwa mkulima wa uwele na mtama, umeme hakuna, saa hakuwa nayo, kalenda yake ilikuwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Ikifika mwezi wa 11 jioni tukishamaliza kula anatoa kigoda nje anakaa ameelekea mashariki. Siku ya kwanza kunionyesha alinishika kidevu akanigeuzia uso, akasema hesabu. Nikapata sita. Kaka yangu akasema saba, tukabishana mpaka mama akatufokea. Wakati huo shamba limeshaberegwa, yani limesafishwa bila kulimwa, na mbegu iko ndani kwenye kibuyu, tunasubiri. Baba akasema, yule aliyekiweka pale hajawahi kusahau siku hata moja. Hakuwa mtu wa maneno mengi, hayo ndo mahubiri niliyoyasikia kwake.

Nikaja kuokoka ukubwani, nasoma kitabu cha Ayubu nikafika 38:31, "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" Jamani nilisimamisha kusoma. Nyota ya baba yangu, kwa jina lilelile, Mungu mwenyewe anaitaja kwa kinywa chake! Nililia siku ile.

Lakini kuna mwaka Kilimia kilikuja siku yake kama kawaida, kinang'aa, na mvua haikuja. Uwele ulikauka ukiwa magotini. Tulikula mahindi ya msaada na mdogo wetu wa mwisho aliugua sana mwaka ule. Na kila jioni Kilimia kiko palepale, kizuri vilevile. Kwahiyo swali langu ni hili: mbingu zinatuambia Mungu anatupenda, au zinatuambia tu kwamba yupo na ana nguvu? Na Jumapili nimwambie nini yule binti?

NeemaYaAsubuhi

Mwalimu pole na hongera kwa kuwa na mwanafunzi anayesoma mistari yote, wengi wetu tunaishia ule wa kwanza kwasababu ndo unaoimbwa.

Mi sio msomi wa Biblia nitasema nilichopitia. Mwaka juzi nilimuuguza mama yangu hospitali wiki tano, nalala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake, dirisha liko upande wa mashariki. Usiku wa wodini ni mrefu sana asikwambie mtu. Huyu anakohoa, yule anaita nesi, mwingine kanyamaza na unaogopa kwenda kuangalia kwanini kanyamaza. Kuna kama saa kumi na moja hivi ambapo kioo cha dirisha kinaanza kutofautiana na ukuta, bado sio mwanga, ni weusi umepungua kidogo tu. Nikiona hivo nilikuwa namwambia mama, kumekucha. Kila siku. Hata siku ambazo daktari jioni yake alituambia mabaya, kulikucha. Nikawa narudia Maombolezo 3, rehema zake "ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu." Yule aliyeandika alikuwa anautazama mji wake umebomolewa, hakuandika akiwa kwenye raha.

Sikusikia sauti yoyote. Ila nikiulizwa lile jua liliniambia nini nitasema liliniambia Mungu hachoki. Mama alifariki wiki ya sita, na asubuhi yake kulikucha. Nilikasirika kidogo kuona kumekucha, nakiri. Saizi nashukuru.

TaaZaDagaa

Wakuu mi ni mvuvi wa dagaa huku Ukerewe, na kazi yetu ni ya giza, tunaingia ziwani siku ambazo mwezi haupo, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa tunakaa nchi kavu kushona nyavu. Kwahiyo mi hizo nyota nimekaa chini yake kuliko kitanda changu. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi za betri na sola, ukishaziwasha unaziacha zielee unasogea pembeni unasubiri. Hapo ndo unaangalia juu. Na maji yakitulia unaziona na chini, unakuwa kama umening'inizwa katikati, huwezi kusema wapi ziwa limeishia. Nimeona watu wagumu kabisa, watu wa matusi, wananyamaza pale. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Kwahiyo mwalimu ule mstari wa tatu kwetu hauna shida. Baba akiingia ndani hata asiposema neno watoto mnajua kaingia.

Lakini sitaki nikudanganye, anga hilohilo ndo limeua rafiki zangu wawili. Kwenye ziwa letu mchana upepo unatoka majini kwenda nchi kavu, usiku unageuka unatoka pande zote za nchi kavu kuja katikati ya ziwa, unakusanya mawingu, ndo maana radi kubwa zinapiga usiku wa manane kuelekea alfajiri wakati sisi tuko ndani. Kuna usiku ulitukuta tuko wanne kwenye mtumbwi. Kila radi ikimulika naona uso wa mwenzangu mweupe kama unga, alafu giza, alafu tena. Nilikuwa najua Zaburi 29 kwa kichwa, "sauti ya BWANA i juu ya maji, Mungu wa utukufu alipiga radi", na nakwambia pale haikuwa wimbo wa kwaya, nilielewa kila neno na mwili wote. Nilijua bila shaka kwamba yupo na ana nguvu. Kama ananipenda sikujua, nikawa naomba kwa jina la Yesu kwasababu radi haikuniambia jina, jina nilifundishwa na bibi yangu tukiwa tunaanika dagaa mchangani.

Sijui kama nimejibu. Ila ndo ninavyoona, anga linakupigisha magoti lakini halikwambii umepigia nani.

ChakiNaDarubini

@TaaZaDagaa mkuu hiyo sentensi ya mwisho nimeinakili kwenye daftari, na maelezo yako ya upepo ni sahihi kabisa, ndo sayansi yenyewe hiyo.

Mi ni mwalimu wa fizikia sekondari na ni muumini, naomba nichangie upande wangu na nianze na mvua ya mwaka ule. Ndugu mwalimu, Kilimia hakikukosea na wala hakikuahidi. Kinaonekana mashariki jioni mwezi wa 11 kwasababu dunia inazunguka jua na kila mwaka inarudi palepale, kwahiyo ni saa, tena saa nzuri kuliko ya ukutani. Mvua ni habari nyingine kabisa, inategemea upepo na joto la bahari na hayo hubadilika mwaka hadi mwaka. Wazee walijua kwamba saa na mvua ni vitu viwili, ndo maana wakaacha ule msemo wa "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", walikuwa wanafuatilia miaka tofauti wanalinganisha. Baba yako alikuwa mtu wa vipimo, usimwone ni mkulima tu.

Sasa kuhusu udogo wa yule binti. Kilimia tunachokiona sita au saba kina nyota zaidi ya 1,000, na mwanga wake unatumia yapata miaka 440 kutufikia, yani ule ulioingia jichoni kwa baba yako ulitoka kule kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Mwanga wa jua letu unatumia dakika 8 tu. Mi nikifundisha hayo darasani kuna wanafunzi wanafurahi na kuna wanaoingiwa na hofu, na sidhani wa pili wamekosea. Daudi mwenyewe alikuwa wa pili. Zaburi 8, "nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako", alafu papo hapo anauliza "mtu ni kitu gani hata umkumbuke". Huyo ni mfalme lakini anauliza swali la mtoto wa kidato cha tatu, na liko ndani ya Biblia, kwahiyo mwambie hajakosa imani.

Kitu kingine naomba tuwe waangalifu nacho, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwasababu nimeona kinaharibu vijana. Tusigeuze nyota kuwa hesabu ya kumshinda mtu kwenye mabishano. Kuna padre wa Kikatoliki wa Ubelgiji anaitwa Georges Lemaître, mwaka 1927 ndo aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akaja na wazo kwamba vyote vilianza kutoka kitu kimoja kidogo sana, hayo ndo yamekuja kuitwa Big Bang. Padre, na kola yake shingoni! Sasa mwaka 1951 Papa Pius XII akatoa hotuba akiielezea sayansi hiyo kana kwamba inathibitisha uumbaji, na Lemaître hakufurahi. Mtu ambaye angeweza kujisifu kuliko wote alitaka nadharia yake ibaki fizikia, isimame au ianguke kwa vipimo, na imani yake isiwekwe rehani kwenye darubini ya mtu. Alikuwa anaadhimisha misa asubuhi na kufanya hesabu mchana, na hakuhitaji kimoja kikamuokoe mwenzake. Mwaka 1966, karibu na kifo chake, aliletewa habari kwamba ule mnururisho (mionzi hafifu) uliobaki kutoka mwanzo wa ulimwengu umepatikana, yani vipimo vimeiunga mkono nadharia yake.

Sasa fikiria kijana umemfundisha kwamba Mungu yupo kwasababu hatujui kitu fulani kimetokeaje, siku akijua kimetokeaje utamwambia nini? Mi nikijua jinsi kinavyotokea ndo naabudu zaidi. Hakuna sheria ya fizikia ambayo inafanya kazi Dodoma alafu Ukerewe inagoma. Mpangilio huo haunipi jina la Mungu, nakubaliana na mvuvi, lakini unanionyesha kuna uaminifu wa ajabu chini ya kila kitu na mimi mbele ya uaminifu huo navua viatu.

ChiniYaMlima

Nimesoma wote kwa heshima. Naomba niseme kidogo alafu nitanyamaza.

Mi natokea Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 alfajiri, baada ya mvua, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikapita kwenye nyumba za watu. Mlima ambao tangu niko mdogo nikiamka naufungulia macho, tulikuwa tunauimbia, "nitayainua macho yangu niitazame milima". Nimezika watu wa familia yangu wiki ile. Godoro la mtoto tulilikuta juu ya mti.

Sasa mkisema uumbaji unatuonyesha Mungu, na ule mlima je? Nauliza kweli, sijaacha kanisa, naenda kila Jumapili. Lakini wakianza kuimba hiyo ya milima nakaa chini. Naomba mtu asinijibu haraka.

NeemaYaAsubuhi

@ChiniYaMlima pole sana ndugu yangu. Sina jibu la kukupa. Nimekuandika kwenye daftari langu la maombi.

MzeeWaKihamba

Shalom wapendwa. Nimekaa na uzi huu siku mbili kabla ya kuandika, kwa ajili ya ndugu wa Katesh aliyeomba tusikimbilie kujibu. Nimefundisha Biblia zaidi ya miaka 30 huku Moshi na nimestaafu, mnisamehe nikirefusha.

Mwalimu, binti yako ameona mlango ambao wengi tunaupita. Chukua Biblia yako ya Kiswahili, ile Union, soma Zaburi 19 yote kwa mkupuo na utazame majina. Mstari wa 1 mpaka wa 6, habari za mbingu na jua linalotoka kama bwana arusi chumbani mwake, Mungu anatajwa mara moja tu na anaitwa Mungu. Kufika mstari wa 7 ghafla anga linaisha, "Sheria ya BWANA ni kamilifu, huiburudisha nafsi", na kuanzia hapo mpaka mwisho anaitwa BWANA kwa herufi kubwa, hilo ni jina lake la agano, jina alilompa Musa. Hesabu mwenyewe utakuta mara saba. Kwahiyo mwenye zaburi ametazama juu akaona Mungu, alafu akafungua Neno akakuta jina. Na angalia anaishia wapi, anaishia na dhambi zake za siri, anamwita BWANA mwamba wangu na mwokozi wangu. Hakuna nyota iliyomwambia habari ya msamaha. Mvuvi wetu amelisema hilohilo bila kufungua kitabu.

Paulo naye yuko hivohivo. Watu wananukuu Warumi 1:20 kwa nguvu sana kuwapiga nayo wengine, lakini soma kinachoorodheshwa pale: kinachoonekana kwa kazi zake ni "uweza wake wa milele na Uungu wake". Vitu viwili. Hakuandika kwamba msalaba unaonekana kwenye nyota, maana kama ungeonekana asingekuwa na haja ya kuchapwa viboko mji kwa mji akiuhubiri. Na alipokuwa Listra, kwa wakulima wasio na Maandiko, alianzia hapo kwa baba yako kabisa, kwamba Mungu "hakujiacha pasipo ushuhuda", akawapa mvua kutoka mbinguni na nyakati za mavuno na furaha mioyoni (Matendo 14:17). Alianzia. Hakuishia.

Huku kwetu Uchaggani wazee walimwita Mungu Ruwa, na ruwa ni jua pia, neno ni moja. Injili ilipokuja jina hilo halikutupwa, mpaka leo tunamwomba Ruwa kwa Kichagga. Marehemu bibi yangu aliniambia wao walijua zamani kwamba Ruwa ni mwema kwasababu anaangaza kwa wote, kwa mchawi na kwa mtu mwema, ila hawakujua anataka nini kwao. Nilipokuja kusoma Mathayo 5:45, kwamba Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, nilimkumbuka yule mama. Alikuwa ameisoma nusu ya mstari angani bila mtu kumfundisha. Nusu ya pili, kwamba huyo ni Baba na anataka tuwapende adui zetu, hiyo alihubiriwa. Na Agustino, ambaye alikuwa Mwafrika mwenzetu wa huko kunaitwa Algeria leo, anasimulia kwamba aliiuliza nchi na bahari na wanyama, wakamjibu sisi siye Mungu wako, mtafute juu yetu, na yeye ndiye aliyetuumba. Viumbe ni mashahidi waaminifu, na shahidi mwaminifu hajifanyi kuwa yeye ndo mwenye mali.

Sasa ndugu wa Katesh. Sitasema mlima ule ulitumwa. Yesu aliletewa habari ya aina hiyo, ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa na makosa kuliko wengine. Na yuleyule Paulo wa Warumi 1, ukifika sura ya 8 anasema "viumbe vyote pia vinaugua pamoja, navyo vina utungu pamoja hata sasa." Yani uumbaji una sauti mbili, unahubiri na unaugua, na mtu anayekwambia unahubiri tu hajausikiliza wote. Eliya alisimama mlimani, upepo ukapasua milima, BWANA hakuwamo, tetemeko, hakuwamo, moto, hakuwamo. Biblia yenyewe inasema hakuwamo! Na ile zaburi unayokaa chini ikiimbwa, 121, isome polepole siku ukiweza. Anauliza, msaada wangu utatoka wapi? Hajibu kwamba utatoka milimani. Anajibu utatoka kwa BWANA aliyezifanya mbingu na nchi. Kukaa kwako chini hakupingani na zaburi hiyo. Endelea kukaa, na kama kanisani kwenu kuna mtu anakushangaa mwambie mzee mmoja wa Moshi naye kuna wimbo hauimbi tangu alipomzika kijana wake.

Na kwa binti, anayesema haoni kama kuna anayemjua: usimpeleke kwenye 19 peke yake. Mpeleke 147, mistari miwili tu, wa 3 na wa 4, umwache asome mwenyewe. "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao. Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Nimeifundisha miaka yote hiyo na bado sijaizoea. Anayefunga vidonda na anayehesabu nyota ni mmoja, na mwenye zaburi ametanguliza vidonda.

ChiniYaMlima

Asante mzee. Nimeisoma 121. Nimeisoma mara tatu.

MwanaWaMkulima

Wakuu nimechelewa kurudi, mniwie radhi, bando na shughuli. Mungu awabariki wote, na @ChiniYaMlima tumekuombea wewe na familia yako Jumapili kanisani bila kutaja mtu.

Mrejesho. Sikufundisha tena ndani. Nilimuuliza mvuvi PM ni lini mwezi haupo, Jumamosi hiyo tukakodi hiace, vijana 14 na mama mlezi wao, tukaenda kwetu kijijini. Taa za mji ukishaziacha nyuma anga linashuka kabisa, wengine wamezaliwa mjini walikuwa hawajawahi kuliona, kuna kijana mmoja mtundu sana alibaki ameshika mlango wa gari hasemi kitu. Sikuhubiri, tulitandika mikeka kwenye uwanja wa nyumba ya baba nikasoma Zaburi 19 yote mpaka mwisho kwa tochi ya simu, alafu nikazima.

Nilimwambia yule binti ukweli, kwamba jibu nililompa mwanzo lilikuwa la kukimbia, na kwamba anga halijui jina lake na halijawahi kudai kwamba linajua. Nikampa 147 asome mwenyewe. Alisoma kimyakimya, akarudia, akakaa na Biblia imefunguka mapajani muda mrefu. Baadaye sana, wenzake wameshaanza kusinzia, akaniuliza mwalimu Kilimia ndo kipi. Nikamwelekeza kwa mkono, nikamwambia hesabu.

Amepata nane. Nimemwambia arudie, kapata nane tena, ananionyesha moja baada ya nyingine. Mi bado naona sita.